Habari za James Ewing, Tajiri wa Sukari

Katika mji wa Glasgow, nchi ya Uskoti, juu ya kilima kilicho karibu na kanisa kuu la kale, liko kaburi la James Ewing. Alizaliwa mwaka 1775, akafa mwaka 1853. Twaandika habari zake kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa na mwenye sadaka nyingi, lakini sehemu ya mali yake ilitoka katika kazi ya watumwa.

Biashara yake ilikuwa sukari. Katika kisiwa cha Jamaica alikuwa na shamba kubwa la miwa liitwalo Caymanas. Wenye kulima miwa wajua ya kuwa muwa uliokatwa haungoji, maji yake huchacha upesi. Kwa hiyo majira ya mavuno vinu vya huko vilisaga mchana na usiku, na waliovitumikia ni watu ambao wao wenyewe, au wazee wao, waliletwa kutoka Afrika katika merikebu. Hawakupata mshahara, nao waliweza kuuzwa kama ng'ombe. Mwaka 1807 wafanyi biashara wa Glasgow waliunda chama cha kulinda faida yao katika visiwa vile, na Ewing alikuwa mmoja wa wakuu wake.

Mjini kwao alisifiwa. Mwaka 1815 alisaidia kuanzisha benki ambayo maskini waliweza kuweka akiba zao ndogo. Wala hatuna sababu ya kusema kwamba wema huo ulikuwa wa unafiki. Mwaka 1832 akafanywa mkuu wa mji, tena akachaguliwa kuingia Bunge.

Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Samuel Sharpe alinyongwa huko Montego Bay, magharibi ya Jamaica. Huyu alikuwa mtumwa, naye ni shemasi wa kanisa la Kibatisti. Siku za Noeli ya 1831 aliwaongoza wenzake wakatae kufanya kazi bila ujira. Mashamba yakachomwa, askari wakaja, na watu zaidi ya 300 wakauawa kwa hukumu. Wazungu wenye mashamba wakayabomoa makanisa. Habari hizo zilipofika Uingereza, watu wengi walichukizwa na utumwa.

Mwaka 1833 Bunge likatoa sheria ya kuukomesha, na pamoja nayo pauni milioni 20 za fidia. Fidia hiyo walipewa mabwana. Ewing alipata pauni 9,327 kwa ajili ya watu 586, yaani kama pauni 16 kwa kila mtu. Watu wenyewe hawakupata hata senti, tena wengi wao walishurutishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka 1838.

Alipokufa, aliwaachia watu wa Glasgow mali nyingi: pauni zipatazo 30,000 kwa nyumba ya wafanyi biashara iliyosaidia wahitaji, na fungu jingine kwa hospitali. Twamkumbuka Zakayo. Yeye alitaja makundi mawili, maskini, na wale aliowadhulumu. Ewing aliwakumbuka wa kwanza kwa ukarimu, bali wa pili hatuwaoni katika sadaka zake zijulikanazo.

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow, kilichokuwa kimepokea fedha za matajiri wa namna hii, kilipatana na Chuo Kikuu cha West Indies kutumia pauni milioni 20 katika muda wa miaka 20. Mwaka 2022 baraza la mji likaomba radhi mbele ya watu wote.