Geoffrey de Havilland na Ndege Yake ya Mbao



Mhariri aliniomba habari za maisha ya mtu mashuhuri. Nimemchagua Mwingereza, na sababu yenyewe ni mchezo. Likizo iliyopita mwanangu alinikalisha mbele ya kompyuta, akanipa ndege ya kivita iitwayo Mosquito, yaani mbu. Mara tatu nilishindwa hata kuiondoa ardhini. Injini zake mbili huzungusha mapanga upande mmoja, basi ndege ikianza kukimbia hukuvuta kushoto kama baiskeli iliyopinda. Mara ya nne nilipaa. Ndipo kijana akaniambia kuwa ndege hiyo ilikuwa ya mbao. Nikacheka, kama nilivyokuwa nikiwacheka wenzangu wa karakana ya useremala hapa shuleni. Baada ya kusoma habari za aliyeiunda, kicheko kiliisha.

Geoffrey de Havilland alizaliwa tarehe 27 Julai 1882, mtoto wa kasisi. Alisomea uhandisi, kisha akakopa pauni 1,000 kwa babu yake ili ajenge ndege. Mkewe Louise alishona vitambaa vya mabawa. Desemba 1909 akairusha. Bawa likavunjika, ndege ikaanguka. Yeye alitoka salama, akajenga ya pili, na mwaka 1910 ikaruka vizuri hata serikali ikainunua kwa pauni 400. Mwaka 1920 akaanzisha kampuni yake. Alipenda sana wadudu, ndiyo maana ndege yake ndogo ya mwaka 1925, iliyofundisha marubani wengi duniani, aliiita Moth, yaani nondo.

Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia, yeye na wahandisi wake walipendekeza ndege ya mabomu isiyo na bunduki hata moja ya kujilinda. Ingejilinda kwa mbio. Ingejengwa kwa plaiwudi na mti mwepesi wa balsa, vikiunganishwa kwa gundi, kwa sababu metali ingekuwa adimu ilhali mafundi wa makabati na piano walikuwapo tele. Wakubwa wa Wizara ya Anga wakaguna. Ndege ya mbao, wakati ulimwengu umehamia kwenye metali? Mkubwa mmoja, Wilfrid Freeman, ndiye aliyesimama naye, na Machi 1940 zikaagizwa 50. Hata hivyo baadaye mwaka huohuo mpango ulisimamishwa kwa muda, kisha ukarudishwa.

Hapa lazima nikiri. Mimi nami nimekalia meza ya namna hiyo kwa miaka mingi. Najua dokezo la kukataa linavyoandikwa: maneno mawili, sahihi, jalada linarudi masijala. Siku moja nililirudisha jalada la fundi mmoja bila kufungua michoro yake, kwa kuwa hakuwa na shahada. Sijui alifika wapi.

Tarehe 25 Novemba 1940 Mosquito ya kwanza ilipaa kutoka Hatfield, na rubani alikuwa mwanawe wa kwanza, Geoffrey mdogo. Katika majaribio ilikaribia kilomita 630 kwa saa, ikaziacha nyuma ndege za kivita za wakati huo. Baadaye ikatolewa ya kupigana na kubeba mabomu pia, ndiyo hiyo ninayoirusha mimi: mizinga minne na bunduki za rashasha nne puani, watu wawili wameketi bega kwa bega. Zote kwa jumla zilijengwa 7,781. Mbao zilikuwa na udhaifu wake. Katika joto na unyevu wa Asia gundi ya awali iliachia, ikabidi ibadilishwe.

Tarehe 23 Agosti 1943 Mosquito mbili ziligongana angani karibu na Hatfield. Katika mojawapo alikuwamo John, mwanawe mdogo. Kwenye mchezo, ndege ikianguka mwanangu hubonyeza kitufe, nayo hurudi mwanzo wa njia ikiwa nzima. Mzee de Havilland aliendelea kwenda kazini, ambako Mosquito zilikuwa zikitoka kila siku. Mwaka 1944 alipewa cheo cha Sir. Septemba 1946 Geoffrey mdogo naye akafa, akijaribu ndege mpya ya jeti iliyovunjikia angani. Louise alifariki mwaka 1949.

Mwaka huohuo kampuni yake ilirusha Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, ambayo mwaka 1952 ilianza safari za London hadi Johannesburg ikitua Entebbe. Mwaka 1954 mbili zilivunjika angani kwa uchovu wa metali. Metali, si mbao.

Alifariki tarehe 21 Mei 1965. Mosquito ile ya kwanza ingalipo, imehifadhiwa Salisbury Hall, palepale ilipobuniwa.