Theodor Escherich, Daktari wa Watoto Wachanga

Tunapomwona mtoto mchanga akinyonya kwa utulivu kifuani pa mama yake, hatufikirii kwamba katika miji ya Ulaya ya karne ya 19 watoto wengi hawakufikisha mwaka mmoja. Kuharisha kuliwachukua, na mara nyingi waganga hawakujua chanzo chake. Mmoja wa waliokataa kuvizoea vifo hivyo alikuwa Theodor Escherich.

Alizaliwa mwaka 1857 mjini Ansbach, Ujerumani, akiwa mwana wa daktari. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka 5. Kwa sababu ya utundu wake alipelekwa katika shule ya bweni ya Wajesuiti huko Feldkirch, Austria. Mtundu huyo ndiye aliyekuja kuwa daktari, na mwaka 1884 akaenda Napoli kuuchunguza ugonjwa wa kipindupindu.

Aliporudi München alishika kazi ambayo wengi wangeiona duni: kuchunguza kwa hadubini kinyesi cha watoto wachanga. Aliona kwamba kinyesi cha kwanza cha mtoto hakikuwa na bakteria, lakini baada ya saa chache tu vilianza kuonekana, na kwamba aina zake hufuatana na chakula anachopewa mtoto. Mwaka 1885 alieleza habari za kimoja chenye umbo la kijiti, ambacho leo kinaitwa Escherichia coli kwa heshima yake.

Elimu hiyo hakuifungia maabara. Alifundisha Graz, na mwaka 1902 akahamia Vienna. Huko mwaka 1903 alianzisha chama cha kuwalinda watoto wachanga, akiwahimiza akina mama kunyonyesha na kuwapatia maziwa salama wale wasioweza. Naye hakuepushwa na msiba: mwanawe alifariki angali mtoto kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Hata hivyo aliendelea kuwahudumia watoto wa wenzake hadi alipofariki Februari 1911, akiwa na miaka 53.

Kijidudu alichokigundua kwa kawaida huishi tumboni mwetu bila kutudhuru, ingawa baadhi ya aina zake huleta maradhi makali. Kikionekana katika maji ya kunywa, ni dalili kwamba kinyesi kimeingia humo. Nasi twaonywa kabla mtu hajaugua.

Basi, tujifunze kwake kuziangalia dalili ndogo mapema. Tuchemshe maji, tunawe mikono kwa sabuni, tumnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, na anapoharisha tumpeleke zahanati bila kuchelewa. Uhai ni zawadi ya Mungu tuliyokabidhiwa, na kuulinda huanzia katika mambo madogo ambayo wengi huona haya hata kuyataja.