Siti binti Saad: Ulimi wa Wasio na Wakili

Watu wa mwambao wakimtaja Siti binti Saad, husifu sauti. Mimi humkumbuka zaidi kwa maneno aliyoyaimba, kwa kuwa ndiyo yaliyowaumbua waliodharau maskini.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, enzi za utumwa, akapewa jina la Mtumwa. Ujanani alitembeza vyungu alivyofinyanga mamake, akivinadi kwa sauti iliyotangulia kumjulisha. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa kuimba na Ali Muhsin wa Ikhwani Safaa. Miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo Mbaruk Effandi Talsam, asiyeona, mwana wa Mombasa.

Jina lilipokua, wenye kujiona walimtungia wimbo wa kejeli: huyu wa shamba, amekuwa mtu tangu lini? Siti hakutukana. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri na ukoo havimfai mtu asiye na akili. Waliocheka wakawa ndio wa kuchekwa.

Kisha akaigeukia korti. Wimbo wa Kijiti unasimulia habari ya mwanamke mgeni, mja mzito, aliyetoka Dar es Salaam akauawa Unguja. Muuaji alitorokea bara. Waliofungwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kosa la kununua pombe. Katika wimbo mwengine alimsema karani aliyekula mali ya watu wasiojua kusoma, naye akaishia jela. Hizo ndizo habari za Ng'ambo, mtaa wa wanyonge. Haki waliyoikosa mbele ya hakimu waliipata angalau barazani, kwa wimbo ambao kila mtu aliujua.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na nyimbo hizo zikasikika mwambao mzima. Alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Leo tunajivunia taarabu kwenye harusi zetu, na Siti tunamwita mama yake. Lakini katika harusi hizo hizo, jamaa aliyekuja na kanga iliyopauka huonyeshwa kiti karibu na viatu, na sinia humfikia mwisho, ikiwa limebaki la kumfikia. Siti angeliona hilo, asingetugombeza. Angetutungia wimbo, na majina yetu tungeyasikia ndani yake.