Eduardo Mondlane: Kutoka Mashauriano hadi Mapambano ya Silaha

Mwalimu anayefundisha historia katika shule za Mbinga, au za mwambao wa Ziwa Nyasa, hana budi kujiandaa kwa swali moja zito. Kaskazini ya mto Ruvuma uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961 bila vita. Kusini ya mto huo huo, kwa jirani zetu wa Msumbiji, watu walipigana kwa miaka kumi. Je, jirani hao walipenda vita kuliko sisi? Jibu la haraka litampotosha mtoto. Njia iliyo bora ni kumsimulia maisha ya mtu mmoja aliyezipitia njia zote mbili, naye ni Dakta Eduardo Mondlane.

Mondlane alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu miongoni mwa Watsonga. Utotoni alichunga mifugo, kisha akasoma katika shule za misheni ya Waprotestanti wa Uswisi. Chini ya utawala wa Wareno ilikuwa vigumu mno kwa Mwafrika kuendelea mbele ya elimu ya msingi. Kwa hiyo alivuka mpaka kwenda Afrika Kusini, na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand mjini Johannesburg. Mwaka 1949 serikali ya makaburu ilimkatalia kuendelea kukaa nchini humo. Alirejea Lourenço Marques, mji unaoitwa sasa Maputo, na mwaka huo huo alishiriki kuanzisha chama cha wanafunzi Waafrika wa shule za sekondari. Polisi walimkamata na kumhoji. Mwalimu awaonyeshe wanafunzi jambo hilo: Mondlane hakuwa na bunduki wala jeshi. Alichofanya ni kuwakusanya wanafunzi ili wazungumze.

Mwaka 1950 alikwenda kusoma Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako alikutana na Amilcar Cabral wa Guinea-Bissau na Agostinho Neto wa Angola. Alisumbuliwa na polisi huko pia, naye akahamia Marekani. Alisoma katika Chuo cha Oberlin, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1960. Tangu mwaka 1957 alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini. Alitumaini kwamba elimu, hoja na shauri la mataifa vingeweza kuilainisha Ureno.

Hapa mwalimu asimamishe hadithi na kugawa ubao katika safu mbili, Tanganyika na Msumbiji. Swali la safu zote mbili liwe moja: ni milango gani iliyokuwa wazi kwa mwananchi aliyedai haki yake kwa amani? Katika safu ya kwanza wanafunzi wataandika kwamba Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Kwamba TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954. Kwamba Mwalimu Nyerere alikwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini huko New York mwaka 1955. Na kwamba uchaguzi ulifanyika mwaka 1958 na 1959. Katika safu ya pili wataandika kwamba mwaka 1951 Ureno ilitangaza makoloni yake kuwa mikoa yake ya ng'ambo, na kwamba Waafrika hawakuruhusiwa kuunda chama cha siasa. Wanafunzi wakizilinganisha safu hizo watatambua wenyewe kwamba tofauti haikuwa katika tabia za watu wa ng'ambo moja na nyingine. Tofauti ilikuwa katika milango.

Mlango wa mwisho ulifungwa kwa damu. Tarehe 16 Juni 1960 wananchi walikusanyika mbele ya ofisi za serikali huko Mueda, katika nchi ya Wamakonde, ili kusikiliza majibu ya madai yao. Viongozi wao walikamatwa, na askari wakaufyatulia risasi umati. Wengi walikufa. Mwaka uliofuata Mondlane alizuru Msumbiji pamoja na mkewe Janet, akajionea hali ya watu wake. Baada ya ziara hiyo aliacha kazi ya Umoja wa Mataifa, akafundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Syracuse.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana mjini Dar es Salaam na kuwa FRELIMO. Mondlane alichaguliwa kuwa rais wake mwezi Septemba, na mwaka 1963 alihamia Dar es Salaam. Yeye na mkewe walianzisha huko Taasisi ya Msumbiji, iliyowapa vijana waliokimbia nchi yao elimu ya sekondari. Risasi za kwanza za FRELIMO zilifyatuliwa tarehe 25 Septemba 1964. Hivyo shule ilitangulia vita.

Vita vilienea katika Cabo Delgado na katika Niassa, jimbo linalopakana na mkoa wetu wa Ruvuma na ambalo mwambao wake unaungana na wetu kusini ya Mbamba Bay. Wakimbizi walivuka mto kuja kwetu, na huko Tunduru FRELIMO iliendesha kituo cha elimu kwa watoto wake.

Hata hivyo, silaha hazikumaliza mabishano. Wapo waliomwona kila mzungu kuwa adui. Mondlane alishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni, si rangi ya ngozi. Baadhi ya wanafunzi wa Taasisi walitaka kwenda masomo ya ng'ambo, hali viongozi walitaka elimu yao itumikie kwanza vijiji vilivyokombolewa. Mwezi Machi 1968 ghasia zilizuka na shule ikafungwa. Mwezi Julai mwaka huo mkutano mkuu wa pili ulifanyika Matchedje, katika Niassa, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mondlane akachaguliwa tena.

Tarehe 3 Februari 1969 alifungua kifurushi cha kitabu mjini Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na bomu, naye akafa papo hapo. Vita viliendelea chini ya Samora Machel hadi askari wa Ureno walipoiangusha serikali yao mwezi Aprili 1974. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Somo lisiishie katika sifa za shujaa. Darasa ligawanywe katika vikundi vitatu: mwaka 1949, mwaka 1961 na mwaka 1964. Kila kikundi kipewe mambo yale tu ambayo Mondlane aliyajua katika mwaka huo, kisha kijadili yeye angeweza kufanya nini, na kila njia ingemgharimu nani. Mwalimu apime hoja, asipime upande uliochaguliwa. Iwapo mtoto atasema kwamba silaha ndiyo njia ya mkato, akumbushwe Vita vya Maji Maji na viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Iwapo mwingine atasema kwamba wenye subira daima hushinda, akumbushwe Mueda.

Mtoto wa Mbinga akielewa hayo hatamdharau babu yake aliyedai uhuru kwa kadi ya chama, wala jirani yake wa ng'ambo ya mto ambaye babu yake aliudai kwa bunduki. Atajifunza kuuliza kwanza ni milango gani iliyokuwa wazi, na ni nani aliyeifunga.