Joseph Murumbi: Aliachia umakamu wa rais, akashika sanaa

Ukipanga kukutana na mtu tao Nairobi, kuna uwezekano mkubwa mtaishia kukutana Archives. Ni pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, matatu zikipiga honi na wahubiri wakishindana kwa sauti.

Watu wengi husimama nje kila siku wakingoja marafiki. Wanaoingia ndani ni wachache. Na humo ndani kuna ukumbi uliojaa vinyago, silaha, mavazi, vito na picha kutoka pembe nyingi za Afrika. Vingi vilikusanywa na mtu mmoja, Joseph Murumbi.

Vitabu vya shule humtaja kwa mstari mmoja hivi: makamu wa pili wa rais wa Kenya, hakukaa sana. Basi. Lakini muulize mchongaji mzee wa Nairobi au Tabaka, atakueleza habari nyingine kabisa.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa kwa jina Zuzarte, mamake Mmaasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma, akarudi Kenya akiwa kijana.

Hapo palikuwa na uamuzi wa kufanya. Chini ya ukoloni, rangi ndiyo iliyoamua usome wapi, utibiwe wapi na ulipwe ngapi. Mgoa alikuwa ngazi moja juu ya Mwafrika. Kijana huyu angeweza kujikalia huko juu kimya kimya. Yeye akachukua jina la upande wa mama, Murumbi, na akaingia siasa za Waafrika.

Mwaka 1952 Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikamatwa, na Murumbi akajikuta kaimu katibu mkuu. Mwaka uliofuata akaondoka nchini, akaishi uhamishoni London hadi uhuru ulipokaribia. Alifanya kazi na wapinga ukoloni, kisha katika ubalozi wa Moroko. Pesa kidogo aliyopata iliishia kwenye maduka ya vitabu vya zamani, akitafuta chochote kilichoandikwa kuhusu Afrika. Huko pia ndiko alikompata Sheila, Mwingereza aliyekuja kuwa mkewe na mwenzake katika ugonjwa huo wa kukusanya.

Kenya ilipopata uhuru, mambo yalimnyookea. Mwaka 1964 akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na safari za kazi zikampa nafasi ya kununua sanaa nchi baada ya nchi.

Halafu Februari 1965 rafiki yake mkubwa, Pio Gama Pinto, akapigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mei 1966 Murumbi aliteuliwa makamu wa rais baada ya Oginga Odinga kujiuzulu. Hakumaliza mwaka kwenye kiti hicho. Januari 1967 nafasi ilikuwa imeshaenda kwa Daniel arap Moi.

Sababu rasmi ilikuwa afya. Waliomjua vizuri wamesimulia zaidi ya hapo: kwamba kifo cha Pinto kilimvunja moyo, na kwamba hakupendezwa na jinsi wakubwa wenzake walivyokuwa wakijigawia mali. Vyovyote iwavyo, aliondoka bila kelele. Akaingia biashara, akawa mwenyekiti wa kampuni ya sigara ya Rothmans nchini, na mshahara huo ukawasaidia wasanii kwa njia ambayo pengine wavutaji hawakuijua.

Wakati huo msanii wa Afrika Mashariki hakuwa na pa kupeleka kazi yake. Palikuwa na Paa ya Paa, iliyoanzishwa 1965, na Gallery Watatu ya 1969. Ukitoa hizo, wengi waliuza vinyago kandokando ya barabara kwa watalii, bei ikiamuliwa na mnunuzi mwenye haraka. Na nyumbani mambo hayakuwa mazuri zaidi. Wakenya wengi waliosoma walikuwa wamefundishwa kwamba vitu vya mababu ni vya kishenzi, hivyo ukutani wakaweka kalenda.

Mwaka 1972 Murumbi na Mmarekani Alan Donovan walifungua African Heritage jijini Nairobi. Walikuwa wamefahamiana kupitia vifaa vya Waturkana ambavyo Donovan alivikusanya na kuvionyesha. Mke wa Murumbi, Sheila, naye alikuwamo tangu mwanzo.

Lazima isemwe wazi kwamba hii ilikuwa biashara, wala haikuwa sadaka. Na hapo ndipo ilipowafaa wasanii. Kazi ilinunuliwa, ikawekwa mahali penye mwanga mzuri, ikaandikwa jina la aliyeitengeneza na ikauzwa kwa bei ya kueleweka, hata ng'ambo. Mchongaji hakuhitaji tena kumkimbilia mtalii.

Murumbi pia hakujali mipaka. Michoro ya Bruce Onobrakpeya wa Nigeria aliithamini sawa na mawe ya Kisii yaliyochongwa na Elkana Ong'esa. Waganda nao walikuwa wengi, maana utawala wa Idi Amin ulikuwa umefanya maisha ya msanii Kampala kuwa magumu. Jak Katarikawe alichora ng'ombe na ndoto zake akiwa Nairobi. Francis Nnaggenda na Expedito Mwebe ni wengine waliopata jina katika mji huu.

Nyumbani kwake Muthaiga, mkusanyo ulizidi kufura. Vitabu na nyaraka zilifika makumi ya maelfu, na kati yake maelfu ya vitabu vilichapishwa kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari kumlipa vizuri. Alikataa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliuzia serikali ya Kenya nyumba na sehemu kubwa ya mkusanyo, kwa matumaini kwamba pale Muthaiga pangekuwa taasisi ya utafiti wa Afrika, wazi kwa wanafunzi na wasanii.

Taasisi haikujengwa. Vitabu na vitu vingine vilihamishiwa Archives. Nyumba ikabomolewa, miti ya asili ikakatwa, kiwanja kikagawanywa. Murumbi mwenyewe alikuwa amehamia Intona, Trans Mara, alikojenga jumba jingine kubwa. Kiharusi kilimrudisha Nairobi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Inasimuliwa kwamba siku moja alipelekwa kuitazama nyumba yake ya zamani, akakuta uwanja mtupu, na baada ya hapo hakuwa yule tena.

Alifariki Juni 1990. Alitaka kuzikwa karibu na Pinto, na ndivyo ilivyokuwa: City Park, Nairobi, kwenye ukingo wa msitu. Hata huko hakupumzika mara moja. Kaburi lilitelekezwa, vitu vikaibwa, na wanyakuzi wa ardhi wakaanza kuimezea mate bustani yenyewe. Sheila alifariki mwaka 2000, akazikwa kando yake.

Waliolinda eneo hilo walikuwa Donovan na wachache wengine, kupitia wakfu wenye jina la Murumbi. Mwaka 2009 kaburi lilizungukwa na bustani ya kumbukumbu, na ndani yake zikasimamishwa sanamu za wasanii aliowanunua na kuwainua enzi zake, akiwemo Ong'esa, Nnaggenda, Mwebe na John Odoch-Ameny.

Sehemu nyingine ya mkusanyo iko Nairobi Gallery, katika ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, mahali ambapo wakazi wa Nairobi walikuwa wakiandikisha kuzaliwa, ndoa na vifo. Kutoka Archives ni mwendo wa miguu.