Rebmann Hakuongeza Chumvi

Johannes Rebmann alitoka Ujerumani, akafika Rabai mwaka 1846 kumsaidia Krapf katika kazi ya Injili. Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika alichoona. Msomi mmoja wa London akambeza: eti theluji karibu na ikweta! Angeweza kulegeza maneno apate kibali kwa wakubwa. Hakulegeza. Miaka ya 1860 msafiri von der Decken akathibitisha.

Lakini kinachonigusa mimi ni Rabai yenyewe. Waliookoka walikuwa wachache mno, unawahesabu kwa vidole. Siku hizi tukimaliza krusedi na watu ni 40, ripoti inasema 400, ndio wafadhili wafurahi. (Tusidanganyane, tunajuana.) Krapf aliondoka 1853. Mke wa Rebmann akafa, macho yakafifia. Yeye akabaki, akiandika kamusi za lugha za huku, watu wakiwa bado ni wale wale wachache.

Alirudi kwao 1875, kipofu, baada ya miaka 29. Aliyemsindikiza safarini ni Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa wale wachache.