Maisha ya Nabii Yeremia kwa Mfuatano wa Wakati

Mtahiniwa, kabla hujaanza kukariri maisha ya Yeremia, fahamu kwamba sura za kitabu chake hazikupangwa kwa kufuata miaka. Sura ya 32 inaeleza alivyonunua shamba; sura ya 36 inaeleza mfalme alivyochoma gombo lake. Ukifuata namba za sura utaandika kwamba shamba lilitangulia, na utakosea: gombo lilichomwa zaidi ya miaka 15 kabla ya hapo. Unaposoma, tafuta kwanza jina la mfalme aliyetajwa, kisha panga matukio chini ya wafalme wafuatao.

1. Wakati wa Yosia (640–609 KK)
Yeremia, mwana wa Hilkia, alitoka Anathothi, mji wa makuhani katika nchi ya Benyamini, karibu na Yerusalemu. Aliitwa mwaka wa 13 wa Yosia, yaani 627 KK, akiwa kijana aliyejiona hajui kusema. Yosia aliuawa Megido alipopambana na Farao Neko wa Misri.

2. Wakati wa Yehoyakimu (609–598 KK)
Yehoahazi alitawala miezi mitatu tu, kisha Neko akamweka Yehoyakimu. Mwanzoni mwa utawala huo Yeremia alihubiri hekaluni, na makuhani wakataka auawe. Ahikamu mwana wa Shafani alimwokoa (soma sura ya 7 pamoja na ya 26).

Mwaka 605 KK Babeli iliishinda Misri huko Karkemishi. Wakati huo Yeremia alikuwa amehubiri miaka 23 bila kusikilizwa. Alimsomea Baruku maneno yake, naye akayaandika katika gombo. Mwaka uliofuata, majira ya baridi, mfalme alilikata kwa kisu na kulitupa motoni. Yeremia aliandikisha gombo jingine na kuongeza maneno mengi.

3. Wakati wa Sedekia (597–586 KK)
Yekonia naye alitawala miezi mitatu, kisha akapelekwa Babeli pamoja na wakuu na mafundi. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji walikopelekwa.

Baadaye Wababeli waliuzingira Yerusalemu. Walipoondoka kwa muda kwa kuogopa jeshi la Misri, Yeremia alikamatwa kwenye lango la Benyamini kwa kudhaniwa anaenda kujiunga na adui. Alipigwa na kufungwa. Wakuu walimshusha katika kisima chenye matope afie humo. Ebedmeleki Mkushi akamtoa kwa kamba na matambara.

Katika kifungo hicho, ndani ya ua wa walinzi, alinunua shamba la binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Sasa unaona faida ya kufuata wakati. Mnunuzi ni mfungwa, adui ameuzunguka mji, na mwenyewe ametabiri kwamba mji utaanguka. Shamba hilo lilikuwa ishara kwamba watu wangerudi na kununua mashamba tena. Mtahiniwa anayeliweka mahali pengine hataweza kueleza kwa nini ni ishara ya tumaini.

4. Baada ya Yerusalemu kuanguka (586 KK)
Wababeli walimwachia huru achague pa kuishi. Alibaki na Gedalia, mwana wa Ahikamu yule aliyemwokoa zamani. Gedalia alipouawa, watu waliobaki walikimbilia Misri kinyume cha ushauri wa nabii, wakamchukua naye. Biblia haielezi kifo chake.

Jipime
(a) Panga kwa mfuatano: kununua shamba, hotuba ya hekaluni, barua kwa waliohamishwa, kuchomwa kwa gombo.
(b) Eleza jinsi hali ya Yerusalemu ilivyoupa ununuzi wa shamba maana yake.
(c) Taja watu watatu waliomsaidia Yeremia na wakati wa mfalme yupi.